Kompyuta Imebadilishwa Mfumo, Faili Hazilingani: Mwongozo kwa Ofisi za Kasese na Bwera

Ofisi nyingi za Kasese zina tawi Bwera. Chama cha wakulima wa kahawa huwa na makao yake mjini na ghala la kupokelea mzigo karibu na Mpondwe. Mwenye studio ya picha ana duka Kasese na kijana wake sokoni Bwera. Kati ya ncha hizo mbili husafiri faili zile zile kila wiki: daftari la wanachama, risiti za mizani, mishahara, picha, na siku hizi ramani za mashamba. Ramani zimeongezeka tangu Umoja wa Ulaya ulipopitisha sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji wa misitu, inayotaka kahawa inayouzwa huko ijulikane ilikolimwa, kwa vipimo vya latitudo na longitudo vya shamba lenyewe.

Kuwa na nakala katika miji miwili ni kinga ya kweli huku. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuivamia hospitali ya Kilembe. Aliyeyaona maji yale hahitaji kushawishiwa kwamba daftari linalokaa mahali pamoja linaweza kwenda lote kwa siku moja. Kwa hiyo nakala zinapoacha kulingana, jambo hilo lichukuliwe kwa uzito wake.

Sababu ya kuacha kulingana sasa iko mlangoni kwa kila mtu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu za zamani zisizokuwa na TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, zinawekewa Ubuntu au Linux Mint. Zilizokuwa na Ubuntu 20.04 nazo, msaada wake ulipokwisha Mei 2025, zinapandishwa hadi 22.04 au 24.04. Upande mmoja ukipandishwa na wa pili ukabaki nyuma, kesho yake programu ya kusawazisha inaripoti maelfu ya faili zilizobadilika, ilhali hakuna aliyegusa hata moja.

Programu hiyo kwa kawaida haifungui faili kusoma kilichomo. Hufanya kama ofisa wa uhamiaji pale Mpondwe: huangalia hati. Hati zenyewe ni tatu, yaani jina la faili, ukubwa wake, na saa iliyobadilishwa mara ya mwisho. Mfumo mpya huziandika au kuzisoma hati hizo kwa namna yake. Kazi yako ni kujua ni hati ipi iliyobadilika, na kuijua kabla hujairuhusu programu kuandika chochote.

Hatua ya 1: Simamisha kila kitu

Zima kazi zinazojiendesha zenyewe pande zote mbili: `crontab -e` kwenye Linux, Task Scheduler kwenye Windows. Mpigie simu mwenzako wa Bwera asichomeke diski mpaka umwambie. Kisha toa nakala ya tatu ya folda nzima, kwenye diski ambayo haihusiki na usawazishaji, na uiweke kando. Kama huna diski ya ziada, nunua au azima kabla ya kuendelea. Hapo sikubali mjadala, kwa sababu usawazishaji ukienda vibaya hufuta pande zote mbili kwa utiifu uleule unaoutumia kunakili.

Sasa chukua karatasi, uigawe safu mbili, Kasese na Bwera, na uandike mfumo wa kila upande na toleo la programu yake ya kusawazisha, `rsync` au `unison`:

`cat /etc/os-release`
`rsync --version`
`unison -version`

Kwenye Windows, andika `winver`. Mara nyingi karatasi hiyo peke yake inakuonyesha tatizo.

Hatua ya 2: Fanya jaribio lisiloandika

Tuseme folda iko kwenye kompyuta ya Kasese na nakala iko kwenye diski inayopanda teksi kupitia Kikorongo hadi Bwera, mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Njia hiyo naiheshimu: kwa picha nyingi hushinda bando la intaneti kwa bei, na mara nyingi kwa kasi pia. Andika:

`rsync -rtvin /home/ofisi/kahawa/ /media/ofisi/DISKI/kahawa/`

Herufi `n` huizuia programu isiandike chochote, na `i` huiamuru itoe sababu za kila faili. Soma mwanzo wa kila mstari:

`>f+++++++++` faili haipo kabisa upande wa pili.
`>f.st......` ukubwa na saa vyote vinatofautiana. Huenda kuna mtu aliyeihariri kweli.
`>f..t......` ukubwa ni uleule, saa peke yake ndiyo inayotofautiana.
`.f...p.....` ruhusa ndizo zilizobadilika; alama hii huonekana ukitumia `-a` badala ya `-rt`.

Usisome mistari yote. Soma kama 30, kisha uliza ni alama gani inayojirudia. Ikijaa `t` peke yake, nenda hatua ya 3. Zikijaa alama za kujumlisha kwa faili ambazo una hakika zipo kule, shida ni majina, hatua ya 4. Ikiwa ni mchanganyiko wa kila kitu, shughulikia saa kwanza, kisha urudie jaribio. Orodha hupungua sana.

Kwa anayebaki na Windows pande zote mbili, `robocopy` ina kitu kama hicho. Ukiiongezea `/L` inaorodhesha tu bila kunakili.

Hatua ya 3: Saa

Hapa ndipo mkoa wetu una tabu yake ya pekee, na ndiyo sababu naikalia hatua hii. Uganda iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC. Kasindi, Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, ziko saa 2 mbele. Mto Lhubiriha unatenganisha nchi mbili na saa mbili. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikishika mnara wa upande wa pili, hurudi nyuma saa moja, na kompyuta inayojipangia saa kwa kutambua mahali ilipo inaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa diski za Linux na za Windows, yaani ext4 na NTFS, hilo haliharibu kitu, kwa kuwa saa ya faili huhifadhiwa ndani kwa UTC. Flashi nyingi, hata hivyo, zimeumbwa kwa FAT32, na FAT32 huandika saa ya ukutani bila kueleza ni ya eneo gani. Faili iliyoandikwa saa 14:00 kwa saa za Kampala, ikisomwa na kompyuta iliyowekwa saa za Lubumbashi, huonekana imechelewa kwa saa moja kamili. Ikisomwa na kompyuta iliyoachwa kwenye UTC, huonekana imechelewa kwa saa tatu kamili. Hili la pili huwapata watu siku ileile ya kubadilisha mfumo: wanaiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi ya kusakinishia kabla ya kuisakinisha, wanaokoa faili zao kwa haraka, na wakati huo mfumo bado unahesabu kwa UTC.

Kwa hiyo chukua faili moja, iangalie pande zote mbili kwa `ls -l --full-time`, na upige hesabu ya tofauti. Saa moja kamili: mmoja wenu amewekewa saa za Kongo. Saa tatu kamili: mmoja yuko kwenye UTC. Sekunde moja au mbili: ni FAT32 yenyewe, kwa sababu huhesabu sekunde mbilimbili. Tofauti isiyo na mpango, mara dakika 17, mara siku 4, ina maana kwamba faili zimehaririwa kweli, na hapo usitumie dawa ya hatua hii hata kidogo.

Kurekebisha eneo la saa kwenye Linux:

`timedatectl`
`sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala`

Kisha toa flashi na uichomeke tena. Kama bado hazilingani, izime kompyuta na kuiwasha upya. Kwenye Windows chagua eneo la UTC+03:00, Nairobi, na uzime kule kujipangia eneo kwenyewe. Ofisi ya Bwera ifanye hivyo hata kama leo haina tatizo.

Kuna kasoro nyingine ya saa tatu. Kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja huonyesha saa isiyo sahihi kwa sababu Windows huiweka saa ya bodi kwa saa za hapa na Linux huiweka kwa UTC. Kila ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, saa inaruka. Kama unazihitaji zote mbili, amuru Linux ifuate desturi ya Windows: `sudo timedatectl set-local-rtc 1`. Itatoa onyo, na onyo hilo lina haki yake, lakini kwa ofisi ndogo isiyobadilisha saa za majira inavumilika.

Baada ya hapo rudia jaribio la hatua ya 2 ukiongeza `--modify-window=1`, inayosamehe tofauti ya sekunde moja ya FAT32. Kwa `robocopy` msamaha huo ni `/FFT`. Na `/DST` husamehe tofauti ya saa moja, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya nchi zinazosogeza saa wakati wa kiangazi.

Je, kama saa potofu zimeshaandikwa kwenye faili zenyewe? Hapo iache programu isome kilichomo:

`rsync -rtcvin --modify-window=1 /home/ofisi/kahawa/ /media/ofisi/DISKI/kahawa/`

Herufi `c` hulinganisha maudhui ya kila faili. Ni kazi ya muda mrefu, iache ikiendelea wakati wa chakula cha mchana, na hakikisha betri inaweza kustahimili umeme ukikatika. Faili zenye maudhui sawa hazitanakiliwa upya. Ukija kuondoa `n`, zitasahihishwa saa tu.

Hatua ya 4: Majina

Kwa Windows, `Bwambale.pdf` na `BWAMBALE.pdf` ni faili moja. Kwa Linux ni mbili. Katika miji mingine kero hii ni ndogo. Kwa Wakonzo ni kubwa, kwa sababu mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Bwambale ni wa pili wa kiume, Masereka wa tatu, Kule wa nne, binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wanande, Bwambale anaitwa Kambale na Masereka anaitwa Kasereka. Daftari la wanachama mia tatu lina akina Bwambale wengi mno, na makarani wengi wamewatofautisha kwa herufi tu, huyu kwa kubwa na yule kwa ndogo, bila kukusudia.

Kwenye Linux mpya yote hukaa vizuri. Yakirudi kwenye diski ya FAT32 au exFAT, moja linafunika jingine kimya kimya, na fomu ya mkulima mmoja inapotea. Zitafute kabla hazijagongana:

`cd /home/ofisi/kahawa`
`find . | sort -f | uniq -Di`

Kila jozi itakayotokea ifungue kwa mkono, uone ni mtu mmoja au wawili. Hakuna programu inayoweza kukuamulia hilo. Dawa ya kudumu ni kuweka namba ya uanachama mwanzoni mwa jina la faili, `0217_bwambale.pdf`, herufi ndogo tupu, bila nafasi.

Angalia pia alama ambazo Windows na diski zake huzikataa: nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota. Faili iliyozaliwa kwenye Linux kwa jina la `Risiti 14:30.pdf` haitaingia kwenye diski ya exFAT, na `rsync` italalamika kwa kosa namba 22.

Mwisho ni herufi za Kifaransa. Nyaraka zinazotoka Kasindi zina majina kama `reçu` na `déclaration`. Herufi yenye alama inaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya kompyuta: kama herufi moja iliyokamilika, au kama herufi tupu ikifuatiwa na alama yake. Kwa macho ni sawa kabisa. Diski za zamani za Mac, zenye mfumo wa HFS+, hutumia namna ya pili. Linux na Windows huandika kwa namna ya kwanza. Ukiona faili mbili zenye jina moja katika folda moja, na zote zina `ç` au `é`, umelikuta tatizo. `rsync` ya kuanzia toleo 3.0.0 ina `--iconv=utf-8-mac,utf-8` kwa kutuma kutoka Mac kwenda Linux. Kwa ofisi yenye faili chache za namna hiyo, kuzibadilisha majina kwa mkono ni haraka zaidi.

Hatua ya 5: Ruhusa

Hii ipite upesi. Wengi wamezoea `rsync -a`, ambayo hujaribu kubeba mwenye faili, kikundi na ruhusa. FAT32 na exFAT hazina pa kuyaweka hayo. Kwa diski inayosafiri tumia `-rt` badala ya `-a`, na malalamiko yataisha. Kama diski ya NTFS inakataa kuandikwa kutoka Linux, irudishe kwenye Windows, zima uwashaji wa haraka, kisha uizime kompyuta kabisa. Windows iliyolala nusu huacha diski ikiwa imefungwa.

Hatua ya 6: Chombo chenyewe kimebadilika

Saa ni sawa, majina ni sawa, na bado mambo hayaendi? Rudi kwenye ile karatasi ya matoleo.

Kwenye Mac: kwa miaka mingi Apple ilibaki na `rsync` 2.6.9 ya mwaka 2006, kwa kuwa matoleo ya 3 yalihamia leseni ya GPLv3 ambayo kampuni hiyo huikwepa. Kuanzia macOS 15, iliyotoka Septemba 2024, imeleta openrsync, programu nyingine iliyoandikwa upya na watu wa OpenBSD. Jina la amri ni lilelile, mwenyewe ni mwingine. Jibu la `rsync --version` likianza na `openrsync`, usitarajie vyote vya toleo la 3, kama `--info=progress2`. Sakinisha `rsync` halisi kwa Homebrew, kisha katika hati yako ya amri andika njia kamili, `/opt/homebrew/bin/rsync` kwa Mac za chipu za Apple. Hati inayoita `/usr/bin/rsync` itaendelea kupata ile ya Apple.

Kwenye Ubuntu: toleo 3.2.4 la `rsync`, la Aprili 2022, lilibadilisha jinsi linavyotuma majina yenye nafasi kwenda kompyuta ya mbali. Hati ya zamani iliyoandika `bwera:/data/Picha\ za\ mashamba/` ndani ya alama za kunukuu sasa hutafuta folda isiyokuwepo. Ondoa mikwaju hiyo, au kwa dharura ongeza `--old-args`.

Kwa wanaotumia Unison, tofauti ni kali zaidi. Ubuntu 20.04 ilikuja na 2.48, na 22.04 ina 2.51, hizo mbili haziongei kabisa. Hata matoleo yenye namba moja yaliweza kukataana kama yalijengwa kwa OCaml tofauti. Kuanzia 2.52 kero hiyo imeondolewa. Wekeni 2.52 au zaidi pande zote mbili, siku moja, msiachiane. Mkianza upya, Unison haitakuwa na kumbukumbu ya zamani, hivyo italinganisha kila kitu: faili zilizo sawa itaziandika kwenye kumbukumbu bila kuzinakili, na zinazotofautiana itakuuliza. Jibu kwa mkono. Usiipe `-batch` siku hiyo.

Hatua ya 7: Mlango wa SSH

Hatua hii ni ya ofisi ambazo kompyuta zake zinaunganishwa moja kwa moja kwa mtandao, kupitia SSH. Kompyuta iliyosakinishwa upya ina ufunguo mpya wa utambulisho, ndiyo maana upande wa pili unapiga kelele kwamba utambulisho umebadilika. Mpigie simu mwenzako, akusomee alama ya ufunguo kwa `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Ikilingana na unayoiona, futa ile ya zamani kwa `ssh-keygen -R bwera`. Na kama mfumo mmoja ni wa zamani sana, OpenSSH tangu 8.8 ya mwaka 2021 haikubali tena sahihi za `ssh-rsa` zinazotumia SHA-1. Tengeneza ufunguo wa ed25519 na shida itakwisha.

Hatua ya 8: Ruhusu iandike

Chagua folda moja ndogo, risiti za wiki moja tu. Ondoa `n`, lakini uipe programu mahali pa kuweka kila itakachokibadilisha. Katika mfano huu diski ndiyo inayotuma na kompyuta ya Kasese ndiyo inayopokea:

`rsync -rtvi --modify-window=1 --backup --backup-dir=/home/ofisi/zilizobadilishwa /media/ofisi/DISKI/kahawa/risiti/ /home/ofisi/kahawa/risiti/`

Fungua faili chache kwa macho yako, uone takwimu za mizani ni zile unazozijua. Kisha endelea na folda ya pili, na ya tatu. Ukimaliza zote, rudia jaribio lenye `c` na `n` kwa mielekeo yote miwili. Lisipotaja faili yoyote, nakala zimelingana kwa maudhui. Fanya kazi hiyo ya `c` kwa diski mkononi, si kupitia seva ya mbali yenye mzigo.

Diski inayopanda teksi ina majina, simu na mashamba ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama chama chenu ni kidogo. VeraCrypt hufunga diski kwa nywila na hufunguka kwenye Windows, Mac na Linux, kwa hiyo kuhama mfumo si kisingizio. Nywila ipelekwe kwa simu, isibandikwe kwenye mfuko wa diski.

Folda ya `zilizobadilishwa` na ile nakala ya tatu zikae mpaka msimu wa mahesabu upite. Kazi zinazojiendesha zirudishe moja moja, Kasese kwanza, na uisome ripoti yake kila asubuhi kwa wiki nzima kabla ya kuiwasha ya Bwera. Kama hati yenu ilikuwa na `--delete`, hiyo iwe ya mwisho kurudi, baada ya pande zote mbili kuwa na mfumo wa toleo moja.